Sahani ya Kwanza

Jumatano, tarehe kumi na mbili Juni. Kulipambazuka na manyunyu ya baridi, yale yasiyolowesha nguo kwa haraka lakini yanaukatalia mkaa kushika moto. Mama Upawa alichutama mbele ya jiko lake akipepea kwa kipande cha boksi. Moshi ulimwingia machoni, na midomo yake ilikuwa ikicheza taratibu. Asiyemjua angedhani anaulaani mkaa. Kumbe alikuwa anaomba. Kila asubuhi aliomba maneno yaleyale: Mungu wangu, atakayekula mkononi mwangu leo ashibe na abaki mzima. Asubuhi hiyo aliongeza ombi ambalo hakuwahi kudhani litamtoka: na mume wangu amalize chakula chake.

Kibanda chake kilikuwa ndani ya ua wa karakana ya milango na madirisha ya chuma, kati ya ukuta na rundo la mabomba. Jina la Mama Upawa alipewa na mafundi, kwa sababu upawa wake haukujua choyo. Ukimwambia "ongeza kidogo", aliongeza, na kidogo chake kilikuwa kingi. Mumewe alikuwa mchomeleaji hapohapo, wakimwita Cheche, na geti lililopita mikononi mwake lilijulikana kwa mshono wake mwembamba kama wa cherehani.

Siku ile ya kwanza alipofungua kibanda, mafundi walimtazama kwa mashaka, kama mpishi mgeni anavyotazamwa popote. Cheche akavua miwani yake ya kazi, akaketi kwenye benchi mbele ya wote, akala mpaka akaifuta sahani kwa kidole. "Mimi nimekula," akasema, "na bado napumua. Anayeogopa akale misumari." Watu wakacheka, wakanawa, wakala. Tangu hapo ikawa desturi ya ua ule. Kengele ya mchana ikilia, hakuna aliyenyoosha mkono kabla ya Cheche kula sahani ya kwanza. Wageni waliona ni mzaha, lakini baada ya wiki moja nao walikuwa wanasubiri kama wengine.

Kwa hiyo Cheche alipoanza kuacha chakula, waliona wote.

Mchana huo alikuja wa mwisho. Shati lilimning'inia mabegani kama limeanikwa. Mkewe alimpakulia wali na maharage, akafuta ukingo wa sahani kwa kitambaa, akamwekea mbele yake.

"Karibu, baba watoto."

"Ahsante, mama."

Tonge la kwanza lilipita. La pili lilipita kwa kusukumwa na maji. La tatu lilimkaa mdomoni. Akaweka kijiko chini polepole, akajishika chini ya mbavu, akainuka na kwenda nyuma ya rundo la mabomba akijaribu kutembea kama mtu asiye na haraka. Kisha ua mzima ukamsikia akitapika.

Fundi mmoja wa kupaka rangi, ambaye kwa kusema kwake aliitwa Kasuku, akachungulia ndani ya sufuria. "Mama Upawa, haya maharage yamefika au bado yako safarini?"

Wawili watatu wakacheka. Kijana mgeni wa kukata mabati akasogeza sahani yake pembeni. "Mimi leo nimefunga," akasema.

"Umefunga nini, na saa nne nimekuona na mkate mzima?" Kasuku akamuuliza.

"Nimefunga kuanzia saa tano."

Safari hii walicheka wengi. Mama Upawa aliichukua sahani ya mumewe, akaketi mahali pa mumewe, akatia kijiko na kuanza kula. Alikula mbele ya macho yao, tonge kwa tonge, ingawa hakuwa na njaa, na ingawa tangu afungue kibanda hakuwahi kula kabla ya wateja wake. Alipomaliza aliifuta sahani kwa kidole, vile vile kama mumewe alivyofanya siku ile ya kwanza.

"Haya," akasema. "Mimi nimekula."

Kicheko kilikauka. Kasuku, kwa aibu, akachukua sahani na kuomba apakuliwe. Lakini kuliwa chakula kwa huruma kunaumiza kuliko kukataliwa, na mama yule alimpakulia bila kumtazama.

Msimamizi wa karakana alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake muda wote huo. Akamwita kando.

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini watu wameanza kuniomba ruhusa ya kwenda kula nje ya ua. Leo nimeona kwa macho yangu."

"Anayetapika ni mmoja, mzee. Na ni mume wangu."

"Hilo ndilo baya zaidi. Kama chakula kimemshinda mwenye nyumba, wapita njia tusemeje?" Akakuna kidevu. "Nakupa mpaka Jumamosi. Ujue tatizo liko wapi. Usipojua, funga. Kuna mama mwingine anaitaka nafasi hii, na mimi nimechoka kumwambia subiri."

*

Nyumbani kulikuwa na sufuria ngeni jikoni. Mama mkwe alikuwa amefika tangu Jumapili, baada ya kusikia kwamba mwanawe anakonda, na alikuja na sufuria yake mwenyewe ndani ya kapu, pamoja na kifuniko chake. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mgeni aliyekuja na sufuria yake hahitaji kueleza.

"Usihangaike na jiko, mwanangu," akamwambia Mama Upawa jioni ile. "Nimeshampikia mwenyewe. Uji mweupe tu, usio na mambo mengi."

"Uji hata mimi najua kuupika, mama."

"Sijasema hujui. Nimesema hauna mambo mengi."

Mama Upawa alipita uani akamkuta mumewe ameinama kwenye bomba, anasuuza themosi yake. Alikuwa akiipenda sana picha hiyo. Wachomeleaji wana imani yao kwamba maziwa huosha moshi kifuani, basi kila alfajiri alinunua maziwa mabichi, akayachemsha, akayamimina ndani ya themosi ile na kuifunga vizuri, na mumewe akaenda nayo kazini. Miezi ya karibuni Cheche alikuwa amejizoesha kuiosha mwenyewe, mpaka kwa mswaki. Mama Upawa alijivunia jambo hilo mbele ya wanawake wenzake. "Wenu wanaacha vikombe mvunguni," aliwaambia. "Wangu anaosha chombo chake kabla sijakigusa."

"Baba watoto," akasema, akipiga magoti karibu naye. "Leo msimamizi ameniambia nitafute tatizo liko wapi, ama sivyo nifunge. Niambie, na usinionee haya. Ni chakula changu?"

Cheche aliendelea kusugua. Maji yalitoka safi, yakatoka safi tena, naye bado anasugua.

"Labda ni mafuta," akasema.

"Mafuta ni yaleyale ya siku zote."

"Basi labda sufuria. Mimi nitajuaje? Mpishi ni wewe."

"Nilisema mimi," mama mkwe akadakia kutoka ndani. "Sufuria ikizeeka inatoa sumu."

Mama Upawa alimtazama mumewe usoni, naye akatazama bomba. Kwa miaka yao yote pamoja hakuwahi kumwona akitafuta pa kuficha macho. Alihisi kwamba amepewa mzigo wa mtu, lakini giza lilikuwa limeshaingia na hakuweza kuona ni mzigo wa nani. Usiku huo aliomba kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza hakujua aombe nini.

*

Alhamisi alifika kazini na mikono iliyochubuka. Alikuwa amesugua kila sufuria kwa majivu na mchanga. Mafuta ya zamani aliyamwaga na pilipili aliiacha nyumbani. Maharage aliyachemsha mpaka yakapondeka yenyewe. Alichemsha hata maji ya kunawa. Kengele ikalia. Akapakua sahani ya kwanza, akaifunika, akaiweka mahali pake.

Kasuku akaja peke yake, akipangusa rangi mikononi. "Mzee Cheche amesema mtangulie. Hana njaa."

Mafundi waliokuwa wamekuja wakatazamana. Hakuna aliyesema neno baya. Mmoja alikumbuka simu ya kupiga. Mwingine alikumbuka kwamba shemeji yake anamsubiri nje. Kijana wa mabati alikuwa hata hajafika. Sahani ikabaki chini ya kifuniko chake, mvuke ukikusanyika na kudondoka ndani kama machozi.

Ndipo mashine zikanyamaza kule ndani, na mtu akaita, "Shikeni huyu, shikeni!"

Mama Upawa alimkuta Cheche ameangukia magoti karibu na geti alilokuwa akilimalizia. Alikuwa ametapika kitu cheusi, chenye chembechembe, kama makapi ya kahawa. Wakampakia kwenye gari la kupelekea mageti, Mama Upawa akampakata kichwa nyuma pale, juu ya magunia, na njia nzima alitaja jina la Mungu na jina la mumewe, moja baada ya jingine.

Hospitali walimpokea haraka. Mama mkwe alifika baadaye kidogo akiwa ametangulizwa na sauti yake.

"Umemlisha nini mwanangu?" akauliza palepale kwenye korido, mbele ya wauguzi na wagonjwa waliokaa foleni. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akasogea mbele kidogo asikie vizuri.

"Hajala kwangu tangu jana, mama. Amekula uji wako."

"Uji wangu umekuta kazi imeshafanyika."

Daktari, mwanamke wa makamo aliyeongea kwa sauti ya chini, akatoka kuwauliza maswali. Anaumwa tangu lini. Anameza dawa gani. Mama Upawa akajibu kwamba anameza vidonge vya kichwa karibu kila asubuhi, kwa sababu ya mwanga wa kuchomelea.

"Na pombe?"

"Mwanangu?" Mama mkwe alishika kifua. "Mwanangu hajui hata mlango wa baa unafunguka upande gani."

Daktari akamgeukia mke. "Mama?"

"Hanywi, daktari," akasema Mama Upawa. Alisema kwa moyo wake wote, na angeapa kama angeombwa. "Kinywaji chake ni maziwa."

Daktari aliandika, akarudi ndani. Baadaye Kasuku akaleta mfuko wa Cheche kutoka karakana: aproni ya ngozi, miwani, glavu, themosi. Mama Upawa akaona afadhali aioshe ile themosi, pengine wataruhusu aletewe uji. Akaenda nayo kwenye bomba la nje, akafungua kifuniko.

Maziwa yalikuwa yamekatika. Mabonge meupe yalielea kwenye maji ya rangi ya majivu. Hilo lisingemshangaza, maziwa hukatika. Kilichomfanya arudishe kichwa nyuma ni harufu. Ilimpanda puani kwa ukali mpaka machozi yakamlenga. Alinusa tena ili ajidanganye, ikakataa. Hiyo haikuwa harufu ya maziwa yaliyochacha. Hiyo ilikuwa pombe kali, ile ya vichupa vidogo vinavyotosha kwenye mfuko wa shati, na ilikuwa nyingi.

Aliketi kwenye ukingo wa saruji. Akayaona yote yakipita mbele yake: mswaki, chombo safi kinachosuguliwa, macho yanayotafuta bomba. Akajiona na yeye, alfajiri, akichemsha maziwa na kuyaombea. Mtu aliyefiwa hulia kwa sauti. Yeye alikaa kimya na themosi mapajani, mpaka muuguzi mmoja akamuuliza kama anatafuta maji ya kunywa.

Alirudi kwenye korido, akamkabidhi mama mkwe themosi bila maneno. Bibi yule akainusa. Akakitazama kifuniko ndani na nje.

"Labda ni dawa," akasema.

"Mama."

"Nasema labda. Wanachanganyaga dawa siku hizi."

"Mama, nusa tena."

Bibi yule hakunusa tena. Alikifunga kifuniko pole pole, akakikaza, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye maiti. "Mpelekee daktari," akasema kwa sauti ambayo Mama Upawa hakuwahi kuisikia kwake. "Mimi miguu imeniisha."

*

Ijumaa mchana daktari aliwaita Mama Upawa na mama mkwe kando ya kitanda. Damu ilikuwa imesimama. Cheche alilala ubavu, mrija mkononi, jasho likimtoka na vidole vikimtetemeka juu ya shuka.

"Fundi," daktari akasema, "mimi sikuhukumu. Nataka unieleze tu, tangu lini?"

Cheche alijifuta jasho kwa shuka. "Tangu baridi ya mwaka jana. Kichupa kimoja asubuhi, mikono ipate joto. Baadaye bila hicho mikono inatetemeka, na mshono unapinda. Nikaongeza cha mchana. Na cha kurudia nyumbani."

"Na maziwa?"

"Maziwa yanatandika tumbo, daktari. Kila mchomeleaji anajua. Ukitanguliza maziwa, au ukichanganya, pombe inapita juu juu, haigusi."

Daktari akatikisa kichwa taratibu. "Mngekuwa mnasema kweli, ningekunywa maziwa nikala hata wembe. Maziwa hayatandiki kitu, fundi. Tumbo lina ngozi laini ndani, na ute wa kuilinda. Pombe kali inaukwangua ule ute, na vile vidonge vyako vya kichwa vinamalizia. Ndiyo hiyo damu uliyoitapika. Chini zaidi, kwenye utumbo, Mungu ameweka vijidudu vingi kuliko watu wa mji huu. Vilivyo vizuri vinatusaidia kusaga chakula na kuulinda ukuta wa utumbo. Ukivimwagia pombe kila siku, vizuri vinapungua, vibaya vinapata nafasi. Ukuta unavuja, uchafu unapenya kwenye damu na kulielemea ini. Hapo hata chakula kizuri kinageuka adui. Unavimbiwa, unaharisha, unatapika. Unadhani chakula ndicho kibaya."

Mama Upawa alikuwa ametazama sakafu. Aliposikia maneno ya mwisho, aliinua uso.

"Tumbo litapona?" akauliza.

"Tumbo lina huruma sana, mama. Likipumzishwa, linajishona. Lakini liachwe lishone. Na wewe fundi, usije ukajifanya shujaa ukaacha peke yako ghafla, mwili umeshazoea. Kuacha ghafla kunaweza kukuangusha kifafa. Hapa tunakupa dawa, ukitoka utakuja kliniki kila tunapokuita. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Daktari akaenda kwa wagonjwa wengine, na mama mkwe akatoka nyuma yake. Wakabaki wawili, na kelele za wodi.

"Nisamehe, mama watoto," Cheche akasema.

"Nilisugua sufuria kwa mchanga mpaka ngozi ikatoka," mkewe akasema. "Nilimwaga mafuta. Mama yako alipika kwa sufuria yake ndani ya nyumba yangu. Nilikuuliza, nikakupigia magoti pale bombani. Ukaniambia ni sufuria."

"Niliogopa. Mchomeleaji akijulikana anakunywa, nani atamwachia mitungi ya gesi? Nikasema, maneno ya chakula yatapita."

"Yatapita juu ya nani?"

Akafumba macho. "Juu yako. Niliona wewe unaweza kuyabeba."

Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote, maana lilikuwa kweli. Alinyoosha shuka pembeni ya kitanda, akalinyoosha tena.

"Nimekusamehe kama mgonjwa," akasema. "Mungu ananiona, sina kinyongo na tumbo lako. Lakini wewe hukunikosea humu. Ulinikosea kwenye benchi, watu wanatazama. Kosa la sokoni haliombewi msamaha chumbani."

"Nikisema pale, naweza kupoteza kazi."

"Najua. Nami usiposema, nimepoteza yangu."

*

Jumamosi asubuhi Mama Upawa alikwenda karakana bila kuwasha jiko. Msimamizi alikuwa anakunywa chai.

"Pole na mgonjwa. Haya, umelijua tatizo?"

"Nimelijua."

"Ni nini?"

Neno lilikuwa limeshamfika ulimini. Lingetoka, lingemwokoa palepale. Kibanda kingekuwa chake, na jina lake lingerudi safi kabla ya chai ile kupoa. Lakini moyoni alimwona Cheche akivuliwa nguo na mkewe mwenyewe, mbele ya mtu mwenye kikombe, na akajua kwamba jina la namna hiyo asingeweza kulivaa kwa raha. Pia alijua kwamba ukweli ukisemwa na mke, watu watasema mke anajitetea.

"Atakuja kusema mwenyewe," akasema.

"Mama, mimi sina muda wa vitendawili. Jumatatu yule mwenzako anakuja kuangalia nafasi."

"Aje. Mimi nipe mchana huohuo wa Jumatatu tu. Nikishindwa, nitamsaidia kubeba jiko lake ndani."

Msimamizi alimtazama juu ya kikombe. "Una moyo wewe," akasema. "Haya. Jumatatu."

Jumamosi hiyo na Jumapili yake zilikuwa ndefu. Hospitali alimweleza mumewe mara moja tu aliyozungumza na msimamizi, na hakujua kama atakuja. Hakumkumbusha tena, kwa kuwa ukweli wa kukumbushwa ni nusu ukweli. Mama mkwe naye alikuwa amepunguza maneno. Jumapili jioni Mama Upawa alikuta ile sufuria ngeni imeoshwa, imerudishwa ndani ya kapu na kufunikwa kwa khanga. Bibi alikuwa amekaa karibu na jiko, mikono mitupu.

"Utapika nini kesho?" akamuuliza bila kumtazama.

"Wali laini, mama. Na maharage."

"Basi nipe nichambue mawe. Macho yangu bado yako sawa."

*

Jumatatu jua lilitoka mapema, mkaa ukashika kwa upepo mmoja tu. Yule mama mwingine alikuwa ameshafika, mtu mpole, anaupima ukuta kwa hatua zake. Kengele ilipolia, mafundi walikuja wengi kuliko siku nyingi, kwa sababu habari hutembea bila miguu. Walisimama wakizunguka, mikono mifukoni. Hakuna aliyenawa.

Mama Upawa akapakua sahani ya kwanza. Akafuta ukingo. Akaiweka kwenye benchi tupu, akarudi nyuma ya sufuria yake na kusubiri, upawa mkononi.

Alimwona mama mkwe kwanza, anaingia getini kwa hatua za mwendo wa harusi, na mkononi mwake amemshikilia mwanawe, aliyeruhusiwa hospitali asubuhi hiyo. Cheche alikuwa mwembamba, shavu limeingia ndani, lakini alitembea mwenyewe. Moja kwa moja mpaka kwenye benchi. Akaketi.

"Karibu, baba watoto," akasema Mama Upawa.

"Ahsante, mama."

Alikula kidogo kidogo, kama alivyoagizwa, akitafuna kila tonge mpaka mwisho. Ua mzima ulimtazama. Katikati ya sahani aliweka kijiko chini, akapumua, na watu kadhaa wakarudi nyuma hatua moja. Akaendelea. Alipomaliza aliifuta sahani kwa kidole. Kisha hakuinuka.

"Kaeni kidogo," akasema. "Nina neno."

"Sema neno, mzee, njaa inauma," Kasuku akasema, lakini kwa upole.

"Chakula cha mke wangu hakijawahi kuniumiza. Hata siku moja. Kilichoniumiza ni pombe. Nilikuwa naiweka ndani ya maziwa, kwenye themosi anayonijazia yeye, nami nikiamini maziwa yananikinga. Tumbo likaungua, mkaona natapika, mkasema ni maharage. Mimi nilijua si maharage. Nikanyamaza, akatukanwa yeye. Nyumbani aliniuliza, nikamwambia ni sufuria."

Mkaa ulipasuka jikoni. Kasuku alikuwa anatazama viatu vyake. Msimamizi akapenya mbele.

"Umekunywa kazini? Ndani ya ua wangu, na mitungi ya gesi imesimama?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu Jumamosi angeweza kukuambia yeye, na hakukuambia."

Msimamizi akamgeukia Mama Upawa, akamtazama kwa muda. Kisha akavua kofia, akaikunja. "Mashine hutaigusa," akamwambia Cheche. "Utapiga msasa na kusugua kutu kama mwanafunzi, mpaka daktari aniambie mikono yako imetulia. Ukikataa, geti lile pale."

"Nimekubali."

"Na wewe mama," akamwambia yule mwenye kupima ukuta, "samahani kwa kukusumbua. Nafasi ina mwenyewe."

"Nimeona," akajibu yule mama. Akatazama sufuria. "Basi na mimi mnipakulie, nimetoka mbali."

Mama mkwe alikuwa wa kwanza kunawa. Alisogea mbele ya mafundi wote, akainyoosha sahani yake kwa mikono miwili kama anayepokea zawadi. "Ongeza kidogo, mwanangu," akasema. Na kidogo cha Mama Upawa kikawa kingi.

Watu wakaanza kusogea, maji yakamwagika mikononi, lakini Cheche akawainulia kiganja wasubiri. Alisimama. Mkono wake ulitetemeka, na safari hii hakuuficha mfukoni. Mkewe alikuwa mbele yake, na mama yake, na msimamizi, na ua mzima.

"Naahidi, Mungu akiwa wa kwanza kunisikia na ninyi wa pili. Kuhusu kunywa sitajisifu leo. Daktari amesema ni vita, na nitakwenda kliniki kila wanaponiita. Lakini hili naliahidi lote, sibakizi kitu. Kila mchana nitakaa kwenye benchi hili na kula sahani ya kwanza mbele yenu. Na siku mkiniona sipo, au nimeacha chakula, msimtazame mke wangu. Msiulize mafuta wala sufuria. Njooni kwangu mimi, mniambie, 'Cheche, lete themosi,' nami nitawafungulia muinuse."